Mahindi ya Ukambani, Mchungaji Bayes na Takwimu Zisizokwisha

Leo tuweke kando simu, programu na malalamiko ya mtandao kwenda pole pole. Nataka tuzungumzie mahindi. Naam, mahindi, tena yale ya Kitui na Makueni, ambako mwaka 2004 watu walikufa kwa kula chakula kilichotoka shambani mwao wenyewe. Usifunge ukurasa ukidhani umepotea njia. Kisa kile, ukikitazama kwa jicho la mtu wa kompyuta, kinafundisha kuliko vitabu vingi juu ya swali moja linalomsumbua kila anayeandika programu za kujifunza kutokana na takwimu: kati ya mambo chungu nzima yanayoweza kuwa chanzo, ubakize yapi na utupe yapi? Na swali hilo linakuwa gumu maradufu pale takwimu zenyewe zinapoendelea kuingia, leo kidogo, mwakani kidogo, bila kukwambia zitaisha lini.

Kwanza kisa chenyewe. Kuanzia Januari hadi Juni 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui (wakati huo zilikuwa wilaya za Mkoa wa Mashariki, kaunti hazijazaliwa bado) watu walianza kufika hospitalini macho yamegeuka manjano, na wengi wao hawakurudi nyumbani. Kufikia tarehe 20 Julai hesabu ilikuwa wagonjwa 317, na kati yao 125 walikuwa wamefariki. Yaani karibu wanne katika kila kumi. Magonjwa ya ini yanayoletwa na virusi yalipochunguzwa na kuondolewa kwenye orodha ya washukiwa, macho yakaelekea kwenye chakula. Mahindi yaliyopimwa mwezi Mei yalikutwa na aflatoksini hadi sehemu 4,400 kwa bilioni. Kiwango kilichoruhusiwa Kenya kilikuwa sehemu 20. Piga hesabu: ni mara 220.

Aflatoksini, au sumukuvu kama wanavyoiita ndugu zetu wa Tanzania, ni sumu inayotengenezwa na ukungu, hasa ule uitwao Aspergillus flavus. Huwezi kuiona wala kuionja, na kuchemsha githeri kwa saa tatu hakuiondoi. Dunia iliijua kwa mara ya kwanza mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Uweke mwaka huo, 1960, mfukoni. Tutauhitaji tena.

Na haikuwa mara ya kwanza Ukambani. Juni 1981, wagonjwa 20 wa ini walilazwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos, na 12 wakafa. Nane kati ya wale 20 walitoka katika familia mbili tu. Mahindi waliyokula yalikuwa na sumu hadi sehemu 12,000 kwa bilioni. Habari hiyo ilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la madaktari la Lancet, ikakaa kwenye maktaba. Makueni yenyewe ilikuwa bado sehemu ya Machakos wakati huo; ilikatwa na kuwa wilaya peke yake mwaka 1992. Kwa hiyo tunaposema 1981 na 2004, tunasema juu ya ardhi ile ile na miaka 23 katikati.

Sasa ndipo anapoingia Mchungaji Thomas Bayes. Huyu alikuwa mhubiri wa Kiingereza aliyependa hesabu, akafa mwaka 1761 akiacha karatasi ambayo rafiki yake Richard Price aliisafisha na kuifikisha mbele ya Royal Society ya London mwaka 1763. Wazo lake ukilivua magwanda ni hili: una imani fulani kabla ya kuona ushahidi, unaona ushahidi, unapata imani mpya. Imani ya awali, ushahidi, imani ya baadaye. Ukiletewa ushahidi mwingine kesho, ile imani ya baadaye ya leo ndiyo inakuwa imani ya awali ya kesho. Unaona ilivyo? Hesabu hii ilizaliwa tayari kwa takwimu zinazoingia kidogo kidogo. Haikuhitaji kusubiri mtandao.

Daktari aliyemwona mgonjwa wa kwanza mwenye macho ya manjano mwaka 2004 alikuwa anafanya kazi ya Bayes, ajue asijue. Homa ya ini ya virusi ni ya kawaida, aflatoksini ya kuua ni ya nadra, kwa hiyo ni haki kabisa kuanza na virusi. Lakini mgonjwa wa kumi kutoka kijiji kile kile, vipimo vya virusi vimetoka safi, na wilaya hii iliwahi kupata balaa hili mwaka 1981... hapo mizani inapaswa kupinduka haraka. Inapinduka haraka kiasi gani, hilo linategemea ulimpa yule mshukiwa wa nadra uwezekano wa awali wa kiasi gani. Ukimpa mmoja katika elfu, ushahidi mzuri utamwinua. Ukimpa sifuri, hata ushahidi wa milima hautamwinua, kwa sababu sifuri ukiizidisha kwa chochote ni sifuri. Mwanatakwimu Mwingereza Dennis Lindley aliifanya hii kuwa kanuni, akaipa jina la Cromwell: usimpe sifuri mshukiwa ambaye kimantiki anaweza kuwa mkosaji.

Tukishajua kwamba ni mahindi, swali halijaisha. Mahindi ya nani? Yaliyohifadhiwaje? Kwa nini nyumba hii imepigwa na jirani hajapigwa? Wizara ya Afya ya Kenya na wenzake walifanya uchunguzi wa kulinganisha: wagonjwa 40 na watu wazima wa afya 80 waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Kila mmoja aliulizwa jinsi anavyohifadhi na kula mahindi, akatolewa damu, na mahindi yake yakapimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005, na ndiyo ninayotaka tuyachokonoe.

Kila jambo linaloulizwa kwenye fomu ni kigeu, kitu kinachobadilika kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mahindi yaliwekwa yakiwa na unyevu? Ndiyo au hapana. Yaliwekwa ndani ya nyumba ya kulala au kwenye ghala? Ana virusi vya homa ya ini aina ya B? Na kadhalika. Kwa kila kigeu watafiti walitoa uwiano. Unaupata hivi: chukua waliougua, tazama ni wangapi waliohifadhi ndani kwa kila mmoja ambaye hakuhifadhi ndani. Fanya vivyo hivyo kwa wazima. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Ikitoka 1, kigeu hakikusaidii kutofautisha. Kwa kuhifadhi ndani ya nyumba ilitoka 12.0. Kwa virusi vya B, 9.8. Kwa kuhifadhi mahindi yenye unyevu, 3.5.

Mtu wa haraka atasema basi, mhalifu ni nyumba, 12 imeshinda. Subiri kwanza. Kila namba ilikuja na mipaka yake, na ya nyumba ilikuwa kutoka 1.5 hadi 95.7. Hebu fikiria fundi anakwambia nyumba yako itagharimu kati ya laki moja na nusu na milioni tisa na nusu. Utamshukuru kwa ukweli wake, lakini huwezi kwenda nayo benki. Ya virusi ilikuwa 1.5 hadi 63.1. Ya unyevu ndiyo iliyobana: 1.2 hadi 10.3. Hili si kosa la watafiti hata kidogo. Watu 120 ndio waliopatikana, na hakuna binadamu mwenye akili atakayetamani wagonjwa wangekuwa wengi zaidi ili takwimu zipendeze.

(Kwa nini watu waliweka mahindi ndani? Mavuno ya msimu ule yalikuwa haba kwa sababu ya ukame, na watu walihofia wizi. Kidogo ulichovuna unalala nacho. Lakini ndani ya nyumba kuna joto na hewa haizunguki kama ghalani, na ukungu unapenda hivyo hivyo. Kwa hiyo kigeu kinachoitwa "kuhifadhi ndani" kimebeba njaa na hofu ya mwizi mgongoni mwake. Fomu haioni hayo, inaona alama ya vema tu.)

Sasa turudi kwenye historia ya hesabu, maana hapa pana utamu. Ukiwa na vigeu 10, na kila kimoja unaweza kukibakiza au kukitupa, una modeli 1,024 za kuchagua. Vigeu 20 vinakupa 1,048,576. Vigeu 30 vinavuka bilioni moja. Mwaka 1960 (ule wa batamzinga!) M. A. Efroymson aliandika utaratibu wa kufanya kazi hii kwa kompyuta hatua kwa hatua: ingiza kigeu kinachosaidia zaidi, kisha kingine, toa kilichopoteza nguvu, endelea hadi usione faida. Kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu kuliko saa ya mkononi ya leo, kwa hiyo njia hii ilikuwa mkombozi. Ilienea kila mahali, na bado ipo kwenye programu nyingi za takwimu.

Ubaya wake ni kwamba inakuletea jibu moja kwa sauti ya hakimu. Kigeu kimeingia au kimetoka. Ukiongeza watu watano kwenye takwimu, hakimu anaweza kubadili hukumu yote bila kuona haya. Na vigeu viwili vikiwa ndugu, kama unyevu na kuweka ndani, utaratibu huu humkamata mmoja na kumwachia mwingine. Ni kama chungu kimevunjika na watoto wawili walikuwa jikoni. Unajua kwa hakika ni mmoja wao au wote wawili, lakini njia ya hatua kwa hatua inamchapa aliye karibu na mlango na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba mwenzake hakuwepo.

Wafuasi wa Bayes walikuja na njia nyingine. T. J. Mitchell na J. J. Beauchamp mwaka 1988, kisha Edward George na Robert McCulloch mwaka 1993, walipendekeza kila kigeu kipewe imani ya awali yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mwiba mwembamba uliosimama kwenye sifuri (au karibu nayo sana), maana yake "huyu hana lolote". Ya pili ni bamba pana lililotandazwa, maana yake "huyu ana nguvu, ila sijui kiasi gani". Takwimu zinapoingia, zinagawa uwezekano kati ya mwiba na bamba. Mwishoni hupati ndiyo au hapana, unapata namba: kigeu hiki kina uwezekano wa asilimia kadhaa wa kuwa ndani. Na kwa kuwa huwezi kuzipitia modeli bilioni moja, George na McCulloch walitumia kompyuta kutembea kwa bahati nasibu miongoni mwa modeli, ikikaa zaidi kwenye zile nzuri. Hesabu muda uliokaa kila mahali, umepata jibu.

Nilitaka kuona hili lingetoa nini kwa Ukambani, nikaandika mistari kama kumi na mitano ya Python. Sina takwimu ghafi za wale watu 120, nina namba zilizochapishwa tu, kwa hiyo nimekichukua kila kigeu peke yake. Usichukulie kama utafiti mpya. Kwa bamba nimetumia mkunjo wa kengele wenye kitovu sifuri na mkengeuko 1 kwenye logi ya uwiano. Kwa lugha ya nyumbani, nasema mapema kwamba uwiano wa kweli sitarajii uvuke 7 au ushuke chini ya sehemu moja ya saba, ila nikiona ushahidi nitasogea.

Tazama kinachotokea. Ile 12.0 ya kuhifadhi ndani inashuka hadi 3.2. Ile 9.8 ya virusi inashuka hadi 3.3. Na ile 3.5 ya unyevu, ambayo ilionekana mnyonge, inashuka kidogo tu hadi 2.6. Wale majitu wawili walikuwa wamesimama juu ya stuli. Kisha nikauliza swali la mwiba na bamba, nikianza na nusu kwa nusu: uwezekano wa kuwa ndani ya modeli ni asilimia 78 kwa unyevu, 76 kwa virusi na 73 kwa kuhifadhi ndani. Mwenye uwiano mdogo kuliko wote ndiye anaongoza! Kwa nywele tu, lakini anaongoza. Na ukianza na imani kali zaidi, useme kigeu kimoja tu katika vitano ndicho kwa kawaida huwa na maana, namba zinakuwa 47, 44 na 40. Hakuna hata kimoja kinachofika nusu.

Je, tuvitupe basi vyote vitatu? Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo takwimu zinazoingia mfululizo zinapotofautiana na zile za kitabuni. Kwenye kitabu, ukitupa kigeu umekosea mara moja. Kwenye kazi inayoendelea, ukitupa kigeu unakifuta kwenye fomu ya mwaka ujao. Muulizaji haulizi tena, safu ya jedwali haipo, na kigeu ambacho hakiulizwi hakiwezi kujitetea tena milele. Uamuzi mmoja wa mwaka wenye takwimu haba unafunga mlango kwa miaka yote yenye takwimu nyingi. Asilimia 40 ni sababu tosha ya kuendelea kuuliza. Hata asilimia 4, kama kuuliza ni rahisi na kutouliza kunaua watu.

Na takwimu ziliendelea kuingia kweli. Kwanza soko: mwaka ule ule wa 2004 watafiti walipitia masoko 65 na wauzaji 243 katika wilaya zilizoathirika zaidi, wakakusanya sampuli 350 za mahindi na unga. Asilimia 55 zilivuka kiwango cha 20, na asilimia 7 zilivuka 1,000. Mahindi ya mashamba ya pale pale yalielekea zaidi kuvuka kiwango kuliko yaliyotoka nje ya eneo, uwiano 2.71. Angalia mtego huu: uchunguzi wa wagonjwa ulionyesha kwamba tofauti ilikuwa kwenye mahindi ya kulima mwenyewe, si ya kununua. Ungeweza kuandika kwenye programu yako kwamba kununua ni salama. Kumbe mkulima naye huuza, na gunia lake likifika sokoni linabadilika jina kutoka "ya shambani" kuwa "ya dukani" bila sumu kubadilika. Kigeu kile kile, jina lile lile, maana imehama.

Kisha miaka mingine. Mwaka 2005 watu wakaugua tena, na 2006 tena. Kati ya 2005 na 2007 sampuli 716 zilikusanywa Makueni na Kitui. Zilizovuka kiwango zilikuwa asilimia 41 mwaka 2005, asilimia 51 mwaka 2006, na asilimia 16 mwaka 2007 ambao haukuwa na mlipuko. Mwaka 2005 sampuli moja ilifika sehemu 48,000 kwa bilioni. Kwa miaka yote mitatu pamoja, wastani (wa kijiometri) ulikuwa juu zaidi kwa mahindi ya shambani kuliko kwa ya kununua au ya msaada. Kwa hiyo kigeu cha "yametoka wapi" kilirudi na kushinda kesi yake, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeendelea kuuliza.

Lakini sasa programu yako ifanye nini na 41, 51 na 16? Ukichukua wastani wa kawaida unapata 36, namba ambayo haikuwa kweli mwaka wowote ule. Tatizo hili nalo lina historia yake, na utacheka, inaanzia 1960. Mwaka huo Rudolf Kalman alichapisha njia ya kusasisha makadirio kila kipimo kipya kinapoingia bila kurudia hesabu kutoka mwanzo. Ilikwenda mwezini na vyombo vya Apollo, na leo imo ndani ya simu yako. Njia hiyo inajua kwamba kitu unachokipima nacho kinatembea. Binamu yake rahisi ni kusahau kwa kipimo: kila hatua, punguza uzito wa takwimu za zamani kwa kuzizidisha na namba iliyo chini kidogo ya 1. Kwa mfano wetu, ukisahau nusu kila mwaka, 36 inakuwa karibu 30. Ukibakiza moja ya tano tu, inakuwa karibu 22, inaisogelea 2007.

Basi kwa nusu karne njia mbili zilikwenda sambamba kama reli. Moja inachagua vigeu lakini inadhani takwimu zimeshaisha. Nyingine inapokea takwimu zinazoingia lakini inadhani vigeu vimeshachaguliwa. Wapo waliozikaribiansha hapa na pale, ila mkutano ninaoupenda mimi ni wa 2010, pale Adrian Raftery, Miroslav Kárný na Pavel Ettler walipochapisha njia yao ya kuchanganya modeli nyingi huku takwimu zikiingia. Kazi yao haikuhusu ugonjwa wala mahindi. Ilihusu kiwanda cha kubana bati la chuma, ambako unataka kukadiria unene wa bati wakati linapita, na hujui ni vipimo gani vya mashine vya kuamini mwanzoni na vipi baadaye.

Ufundi wao ni mwepesi kiasi kwamba unaweza kuuandika jioni moja. Weka modeli zako zote mezani, kila moja na vigeu vyake. Kila modeli isasishwe kwa njia ya Kalman, yenye kusahau. Juu yake, kila modeli ina uwezekano wake, na nao unasahau: kabla ya kila kipimo kipya, uwezekano wote unapandishwa kwa kipeo kilicho chini kidogo ya 1, kisha unasawazishwa ujumlishe moja. Kama modeli moja ina 0.999 na nyingine 0.001, ya kwanza inaizidi ya pili mara 999. Ukitumia kipeo 0.99, baada ya hatua moja inaizidi mara 932 hivi. Aliyeshindwa anasogezwa karibu kidogo na mlango, kila siku. Ushahidi ukimgeukia, anaingia. Hakuna anayezikwa akiwa hai.

Ningependa kukwambia tatizo limekwisha hapo, lakini ile namba ya kusahau ni kisu chenye makali pande mbili. Rudi kwenye 1981. Tuseme mfumo wetu unasahau nusu kila mwaka, jambo ambalo lilitusaidia kuuelewa 2007. Kufikia 2004 ni miaka 23. Uzito wa wale 12 waliokufa Machakos unakuwa sehemu moja katika 8,388,608. Umefutika. Ukisahau sehemu moja ya kumi tu kwa mwaka, unabaki na karibu asilimia 9, na hiyo ni tofauti kati ya mfumo unaosema "hili sijawahi kuliona" na mfumo unaosema "ngoja, hili nalifahamu". Kinachotokea kila msimu kinahitaji kusahauliwa upesi, na kinachotokea mara moja katika miaka 20 kinahitaji kumbukumbu ya mzee wa kijiji. Namba moja ya kusahau kwa mambo yote mawili ni uvivu wa mwandishi wa programu, na uvivu huo nimeuona kwenye misimbo mingi, tena ya watu wakubwa. Kwa maoni yangu vigeu vya matukio ya nadra vipewe saa yao wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo hakuna hesabu kati ya hizi ingeliweza. Mwaka 2007 Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty walichapisha matokeo ya kuuchunguza ukungu wenyewe uliokuwa kwenye mahindi ya 2004. Walikuta kwamba kwenye wilaya zilizopigwa, ukungu uliotawala ulikuwa wa aina inayoitwa S, ambayo hutengeneza sumu nyingi sana kuliko aina ya L iliyozoeleka. Hiki ni kigeu, tena kizito, na hakikuwa kwenye fomu ya mtu yeyote mwaka 2004. Mkulima hangeweza kukijibu hata angeulizwa. Ungekuwa na modeli bilioni moja mezani, zote zingekuwa hazina safu hiyo, na uwezekano ungegawanywa kwa haki kabisa miongoni mwa modeli ambazo zote hazijakamilika. Hapa mwandishi wa programu anatakiwa kuacha nafasi: jedwali linalokubali safu mpya bila kuvunja za zamani, na sampuli zilizohifadhiwa vizuri ili ziulizwe maswali ambayo leo hayajulikani. Wale watatu waliweza kuuliza kwa sababu mahindi yenyewe yalikuwa bado yapo.

Na safu ile mpya ilizaa dawa. Ukijua kwamba tatizo ni aina fulani ya ukungu, unaweza kuishindanisha na ukungu mwingine usio na sumu. Ndivyo inavyofanya Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015: aina nne za ukungu wa Kenya wenyewe wasiotengeneza aflatoksini, wanapandikizwa kwenye punje za mtama na kumwagwa shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua, ili wawahi kuchukua nafasi. Mahindi bado yanatakiwa yakaushwe, na bado yasilale chumbani. Unyevu, yule mnyonge wa 3.5, hakuondoka kwenye orodha.